Mama Aliyeulizwa Jina Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa nje kabla kazi haijaanza. Nilifika boma la Handeni asubuhi na mapema, kanzu imepigwa pasi, cheti cha shule ya serikali ya Tanga nimekishika mkononi ili kila mtu akione. Nikaingia chumba cha mashauri na kukalia kiti nilichokiona kizuri kuliko vingine. Kumbe ni kiti cha Bwana Shauri. Askari wa mlangoni alinishika ukosi akanipeleka mpaka kwenye ngazi, na watu waliokuja na magomvi yao wakacheka mpaka wakasahau kilichowaleta. Nilikaa pale kwenye ngazi hadi Karani Mkuu alipofika.

Ninyi vijana mnaosoma haya hamkuuona utawala wa Wajerumani, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Kila kijiji kilikuwa na Jumbe. Juu ya majumbe alikuwapo Akida, na juu ya Akida alikuwapo Bwana Shauri, Mjerumani aliyesikiliza mambo yote ya wenyeji: talaka, mirathi, mipaka ya mashamba, mbuzi walioingia kwenye mihogo ya jirani, washirika wa biashara walioshindwana. Yote hayo yaliitwa mashauri. Mawakili hatukuwa nao. Tulikuwa na wazee wanne wa baraza, ambao kazi yao ilikuwa kueleza mila pale wanapoulizwa, na tulikuwa na karani, aliyeandika kila neno katika Kitabu cha Mashauri. Kitabu kile kilikuwa kikubwa, chenye jalada jeusi, na watu walikiogopa kuliko kiboko kilichotundikwa ukutani.

Karani Mkuu alikuwa mzee wa Pangani, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa fundi wa kuandika kwa herufi za Kiarabu tangu utoto wake, kisha Wajerumani wakamlazimisha kujifunza herufi zao akiwa na mvi tayari. Jambo hilo hakuwasamehe kamwe.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyekuja kumrithi Bwana Shauri angali hai?"

Akanipeleka kwenye meza ndogo karibu na dirisha, akanionyesha namna ya kuchanganya wino wa unga na maji, na namna ya kuukandamiza ukurasa kwa karatasi ya kukausha bila kuuchafua. Kisha akanionyesha safu za kitabu: mdai, yaani anayelalamika, mdaiwa, yaani anayelalamikiwa, maneno ya kila upande, mashahidi, hukumu. Kwenye shauri la shamba kulikuwa na safu moja zaidi, ya jina la mtu aliyelitoa. Safu hiyo ikibaki wazi, Bwana Shauri alipiga mstari mwekundu ukurasa mzima, na shauri likawa limekufa.

"Sasa sikiliza," Karani Mkuu aliniambia. "Andika kinachosemwa. Unachokijua wewe kibaki nyumbani na mkeo."

"Sina mke, Mwalimu."

"Basi kibaki na kuku wako."

Niliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na nasema hivyo bila haya, kwa sababu mpaka leo sijaona uliouzidi. Bwana Shauri wa wakati ule alikuwa mtu mrefu mwenye hasira za karibu. Alisikiliza mashauri kumi na zaidi kabla ya chakula cha mchana, na kadiri njaa ilivyomshika ndivyo hukumu zilivyokuwa fupi. Kiswahili alikijua, ila alikisema kama anayetoa amri uwanjani. Alinipenda kwa sababu sikumchelewesha. Mimi nilifurahi kupendwa, nikaanza kutembea njiani nikiwa na kalamu mfukoni hata siku za mapumziko.

Ndipo akaja Bi Chausiku.

Alikuwa mjane wa makamo, mkulima, kutoka kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kutoka boma. Shamba lake lilikuwa bondeni, karibu na mto, mahali ambapo migomba haikauki hata kiangazi. Mumewe alizikwa humo. Baada ya mume kufa, mpwa wa Jumbe wa kijiji kile alitokea na kusema shamba halina mwenyewe na kwamba mjomba wake amempa yeye. Mtoto pekee wa kiume wa Bi Chausiku, mtu mzima, alikuwa mbali akifanya kazi ya kutandika reli. Kwa hiyo mama yule alikuja peke yake, miguu ina vumbi mpaka magotini, akasimama mbele ya meza.

"Shamba nimelilima na mume wangu miaka yote," alisema. "Tulipewa na mkwe wangu siku nilipoolewa."

"Jina lake?" Bwana Shauri aliuliza.

Bi Chausiku akatazama chini.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Wazigua hawana haja ya kuambiwa. Kwetu, mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa hai na halitaji akiwa kaburini. Hata jina la mume haliweki mdomoni, na kwa vyovyote mume huitwa fulani bin fulani, kwa hiyo ukimtaja mwana umemtaja na baba. Kulitamka jina la mkwe mbele za watu ni sawa na kumvua nguo mzee yule barazani. Wanawake wa Kishambaa nao ni hivyo hivyo. Analijua jina, tena analijua kuliko sisi sote, maana kila siku ya maisha yake analikwepa.

"Nimesema, jina lake!"

Mama kimya.

"Mara ya tatu nauliza. Nani alikupa shamba? Mimi nataka jina!"

Midomo yake haikufunguka. Bwana Shauri akawageukia wazee wa baraza. "Ninyi mnamjua mtu huyo aliyempa shamba?"

Mzee mmoja, ambaye alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho Jumbe aliyeketi karibu na mpwa wake, alijibu, "Hakutajwa mtu, Bwana. Tumjue nani?"

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa mama yule. Nilijua kwa nini amenyamaza. Ningeweza kusimama na kusema, Bwana, hii ni heshima ya kwetu, aulizwe mtu mwingine. Maneno hayo yasingezidi pumzi moja. Lakini nilikumbuka kiti, nilikumbuka ngazi, nilikumbuka jinsi Bwana Shauri alivyonisifu juzi yake. Nikachovya kalamu na kuandika, kwa mwandiko ule mzuri: Ameulizwa jina mara tatu, hakujibu. Bwana Shauri akapiga mstari mwekundu.

Bi Chausiku alinikuta mchana ule kwenye kisima cha boma. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Karani, mama yako alimwitaje babu yako, mzaa baba yako?"

"Alimwita Mwenye Mji."

"Kwa nini?"

Nikainamia kisima. Naye akatikisa kichwa, akajitwisha mzigo wake na kuondoka. Baada ya wiki mbili nilisikia amehamia kwa kaka yake, amebeba kinu chake kichwani, na kaburi la mumewe limebaki katikati ya migomba ya mtu mwingine. Niliona aibu siku hiyo, na aibu ile nililala nayo kwa miaka.

Nilihamishiwa Korogwe reli ilipokuwa imeshafika. Kijiji kilikuwa kinageuka mji mbele ya macho yetu. Wapare, Washambaa, Wazigua, Wanyamwezi wa mashamba ya mkonge, Wahindi wenye maduka, wote walikutana pale stesheni, na walipokutana waligombana, na walipogombana walikuja kwetu. Nilipanga chumba upande wa Masuguru. Nilioa huko huko Korogwe, binti wa Kilole, na kwa hiyo nikapata mtu wa kumwachia yale nisiyopaswa kuyaandika.

Bwana Shauri wa Korogwe alikuwa mnene, mpole, mwenye kiko kisichozimika. Yeye alikuwa na tabia ya ajabu: aliuliza. Walikuja mafundi cherehani wawili waliokuwa wakishirikiana cherehani moja na baraza moja mbele ya duka. Sasa wameshindwana, kila mmoja anataka cherehani. Akawaacha wabishane mpaka wakachoka, kisha akanigeukia.

"Karani, wewe unaonaje?"

Nilitaka kuingia chini ya meza. Karani hakuwahi kuulizwa anaonaje. Nikajikaza nikasema, "Bwana, waulize nani anataka baraza."

Akawauliza. Wote wawili wakadakia, "Mimi!" Kumbe cherehani ilikuwa kisingizio. Wateja walizoea baraza ile, na ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe. Hukumu ikawa kwamba atakayechukua cherehani aiache baraza. Walitazamana, wakaomba ruhusa ya kwenda kuzungumza nje, na hawakurudi. Kesho yake niliwakuta wameketi pamoja pale pale, mmoja anashona na mwingine anapima kitambaa.

Ila la maana zaidi nililojifunza Korogwe lilitoka kwa mkulima mmoja Mkristo wa Mpale. Shauri lake la mirathi lilikuwa limefungwa kabla yangu, naye alikuwa ameshindwa. Akaja na dada yake aliyekuwa ameolewa mbali na ambaye hakuitwa siku ya kwanza. Nikamwambia kwamba mstari mwekundu umeshapigwa, arudi nyumbani. Bwana Shauri akanisikia.

"Huyu dada alisikilizwa?"

"Hakusikilizwa, Bwana."

"Basi kuna shahidi mpya. Shauri linaweza kufunguliwa tena. Sheria inaruhusu."

Nilisimama na kitabu mkononi nikamwona Bi Chausiku mbele yangu kama vile yupo chumbani. Miaka yote ile niliamini mstari mwekundu ni kaburi. Jioni nilimsimulia mke wangu habari yote, tangu mwanzo mpaka kwenye kisima. Alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Na wewe unangoja nini?" aliuliza.

Nilingoja uhamisho. Ulikuja mzee wangu wa Pangani alipoacha kazi, na mimi nikarudishwa Handeni kushika nafasi yake. Karani Mkuu! Mama yangu alipika siku mbili mfululizo. Nilikalia kiti chake, nikafungua kabati, nikavuta vitabu vya zamani mpaka nikaupata ukurasa. Mwandiko wangu ulikuwa pale, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, na sijawahi kuuchukia mwandiko wangu kama nilivyouchukia saa ile.

Siku ya mapumziko nilikwenda kwa kaka yake Bi Chausiku kwa miguu. Nilimkuta anatwanga. Alinitambua mara moja.

"Umekuja kuniandika tena kwamba sikujibu?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mama. Na shauri linaweza kufunguliwa, tukipata mtu ambaye hakusikilizwa."

Aliacha mchi ndani ya kinu. Kisha akapaza sauti kuelekea ndani, "Baba! Mletee mgeni kigoda."

Nikadhani anamwita mzee wa nyumba. Akatoka mwanamume wa miaka kama thelathini, mabega mapana, mikono imekomaa kwa kazi ya reli. Alikuwa mwanawe, amesharudi. Na mama yake alikuwa akimwita Baba tangu siku aliyozaliwa. Nikaruka kutoka kwenye kigoda nilichokuwa sijakikalia sawasawa. Hata nyumbani kwetu mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa kaka yangu mkubwa, nami sikuwahi kufikiri: mama hamwiti mwanawe kwa jina lake pale ambapo mtoto amepewa jina la babu yake.

"Mama," nilisema, "shahidi wetu ndiye huyu."

Bwana Shauri mpya wa Handeni alikuwa kijana, mkavu, mtu wa kanuni. Nilipomwomba afungue shauri lile alisoma ukurasa mara mbili.

"Mwandiko huu ni wako."

"Ni wangu, Bwana."

"Ulijua kwa nini huyu mama hakujibu?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, Bwana."

"Na leo huogopi?"

"Leo pia naogopa."

Kwa maneno hayo angeweza kunifukuza kazi, au kunilaza chini nipigwe viboko ishirini na tano mbele ya watu niliowaandikia wito. Niliona analifikiria. Kisha akachukua kalamu akaandika siku ya shauri.

Siku hiyo baraza ilijaa mpaka nje. Jumbe alikuja na mpwa wake, wote wamevaa vizuri, maana waliamini jambo hili limekwisha zamani. Bi Chausiku alisimama pale pale aliposimama mara ya kwanza. Bwana Shauri akamwuliza nani alimpa shamba, naye akasema, "Mkwe wangu." Akamwuliza jina. Akatazama chini. Jumbe akatabasamu.

Nikasimama. "Bwana, kwa mila ya Wazigua mwanamke halitaji jina hilo. Naomba aulizwe shahidi aliye nyuma yake."

Mwanawe akasogea mbele.

"Wewe ni nani kwa huyu mama?"

"Mwanawe wa kumzaa."

"Jina lako?"

"Mgaza."

"Nani alikupa jina hilo?"

"Ni la babu yangu, mzaa baba yangu. Ndiye aliyewapa wazazi wangu shamba la bondeni."

Watu waliguna. Bwana Shauri akawageukia wazee wa baraza, na safari hii hawakuwa na pa kujifichia. "Mnamjua mtu aitwaye Mgaza, aliyekuwa na shamba bondeni karibu na mto?"

Walitazamana. Mzee yule yule aliyesema hakutajwa mtu alijikohoza. Kunyamaza mbele ya mama aliyenyamaza kwa heshima lilikuwa jambo moja. Kumkana marehemu aliyetajwa kwa jina lake, mbele ya mjukuu aliyelibeba jina hilo, lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Tunamjua, Bwana. Ndiye aliyefyeka pori lile. Mimi nilitembea naye kwenye mipaka yake siku alipompa mwanawe, na tulikula mbuzi."

"Kwa nini hukusema mwanzo?"

"Sikuulizwa jina, Bwana."

Kicheko kikalipuka mpaka kwa askari wa mlangoni. Jumbe alikuwa amekunjamana. Mpwa wake alijaribu kusema hajui habari za zamani, na Bwana Shauri akamwambia kwamba sasa amezijua. Hukumu ikatolewa palepale: shamba ni la Bi Chausiku na mwanawe, na migomba iliyopandwa juu yake ibaki, maana mpandaji alipanda mahali asipopewa. Nikajaza safu ya jina. Niliandika Mgaza kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote za ukurasa, na kwa furaha nikachovya kalamu kupita kiasi mpaka nikadondosha wino. Doa lile sikulikausha.

Wanawake waliokuwa nje walipiga vigelegele. Bi Chausiku hakupiga. Alipita karibu na meza yangu, akainama kidogo, akasema, "Ahsante, Karani. Mwenye shamba amesikia." Kisha akatoka, na nilipochungulia dirishani nilimwona anakwenda mbio kama msichana, mwanawe nyuma amebeba kinu walichokuja nacho, tayari kurudi shambani.

Baada ya hapo Bwana Shauri aliniagiza niwafundishe makarani wa Akida wote: mwanamke akinyamaza kwa ajili ya jina la mkwe, asiandikwe kwamba hakujibu, karani aweke kalamu chini na kuuliza barazani ni nani awezaye kulitaja. Niliitangaza kanuni hiyo Handeni, nikaitangaza Korogwe nilipohamishiwa tena. Makarani wengine walininung'unikia kwamba nawaongezea kazi. Niliwajibu kwamba waende wakalalamike kwa mama zao.

Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, vitabu vyeusi vikabebwa sijui wapi. Niliendelea kidogo chini ya Waingereza, kisha macho yakachoka nikaacha kazi. Sasa naishi Masuguru, na watu wananiita Mzee Karani. Vijana huniuliza kama sijutii kuwatumikia wageni waliotupiga viboko. Najutia mambo mengi, na jambo moja nimewaeleza. Lakini sidhani kama yupo karani wa zama zangu aliyefurahi kama nilivyofurahi mimi siku ile ya doa la wino.

Mwaka huu nilimgawia mke wa mwanangu kipande cha shamba langu, tukaenda naye barazani kukiandikisha. Mimi nilikaa nyuma na wazee wenzangu. Karani alikuwa kijana mgeni kabisa kwangu, wa kuzaliwa baada ya vita. Akamwuliza binti yule ni nani aliyempa shamba.

"Mkwe wangu."

"Jina lake?"

Binti akatazama chini. Karani yule hakurudia swali. Aliweka kalamu mezani, akainua uso, akaiuliza baraza nzima, "Nani hapa awezaye kulitaja?"

Hakujua kanuni hiyo imetoka wapi, wala sikumwambia. Niliegemea fimbo yangu, nikasimama mbele za watu wote, nikasema kwa sauti:

"Ni mimi. Andika: Mndolwa bin Mhina."